Jina Nitalisemea Hospitali

Nyinyi vijana wa afya ya jamii mnaopita mbele ya nyumba yangu na vizibao vyenu vya mifuko mingi, nawaona. Mnanisalimia vizuri, mnaniita Mama Roda, mnaniuliza kazi ilikuwaje enzi zetu. Nikifungua mdomo tu nijibu, simu ya mmoja wenu inalia na wote mnaondoka. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Mkisoma hamtaweza kunikatiza.

Nimefundisha wasichana waliopata mimba wakiwa bado watoto wenyewe, hapa hapa Juba, tangu niliporudi kutoka Kenya mpaka magoti yangu yalipokataa kupanda boda boda. Mambo ya kitabu mnayajua kuliko mimi, hata dalili za hatari mnazo kwenye simu, na picha zake za rangi. Mimi nataka kuwaambia yale ambayo mkubwa wenu hawezi kuyasema kwenye semina akiwa na kipaza sauti mkononi. Nataka kuwaambia habari za ujanja. Kazi hii bila ujanja haiendi, na ninyi mnaonekana watu wakweli mno, jambo linalonitia wasiwasi.

Mimi pia nilianza nikiwa mkweli. Nilikwenda kambi ya Mangateen na mwanasesere wa plastiki, wa rangi ya waridi, ili nionyeshe jinsi ya kumshika mtoto anaponyonya. Nikasimama mbele ya akina mama na Kiswahili changu cha darasani Nairobi, nikasema, "Leo tutajadili unyonyeshaji." Hakuna aliyetikisika. Wengi wao walizungumza Kiarabu cha Juba, na waliojua Kiswahili walikijulia Uganda, ukimbizini. Bibi mmoja aliyekaa mbele akaniomba yule mwanasesere. Akamgeuza, akamtazama makalio, akamminya tumbo, na mwanasesere akalia "kwii."

"Huyu mutoto nacheka na hapana nyonya," akasema yule bibi kwa uzito wote. "Iko na shida kubwa. Peleka yeye hospitali, sista."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda. Unyonyeshaji uliishia hapo. Mwanasesere mwenyewe alichukuliwa na watoto wa kambi, na kwa muda mrefu kila nilipopita Mangateen nilimkuta amebebwa mgongoni na msichana mwingine, amevalishwa gauni jipya, amependeza kuliko mimi. Yeye alipokewa kabla yangu.

Aliyeniokoa ni Sista Peresi, mkunga wa kituo chetu cha afya. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye uwezo wa kusinzia amekaa huku akisikia kila neno. Nilipomweleza habari za Mangateen alicheka kwanza, akafuta machozi, ndipo akaniuliza nilikuwa nikimfundisha nani. Nikasema wasichana.

"Nani nasema mutoto akunywe nini? Nani nasema alale wapi?"

"Haboba," nikasema. Haboba ndiye bibi, kwa Kiarabu chetu, na ninyi mnajua kwamba katika nyumba za Juba haboba hana mkubwa wake.

"Basi wewe hujafundisha mutu," akasema, akarudi kusinzia.

Kesho yake alinichukua kwenda naye kwa msichana aliyekuwa amejifungua. Haboba wa nyumba hiyo alikuwa akimnywesha kichanga maji kwa kijiko, kwa sababu ya joto. Nilikuwa nimeshabishana na mahaboba wengi juu ya kijiko hicho, na nilijiandaa kufurahia kumwona mtaalamu akibishana. Sista Peresi akakaa, akanywa chai yenye sukari ya kuumiza meno, akasema, "Haboba iko sawa kabisa. Jua ya Juba ni mbaya. Mutoto lazima apate maji." Macho yalinitoka. Akaendelea, "Lakini tumbo yake bado ndogo, haijui maji. Pitisha kwa mama. Mama akunywe, maji itashuka kwa ziwa, mutoto atapata. Lakini hawa wasichana ni wavivu. Nani atasimamia yeye?"

Nani angesimamia kama si haboba? Kuanzia siku hiyo bibi yule alimsimamia mjukuu wake na jagi mkononi kama askari. Msichana alikunywa maji mpaka akawa haishi kwenda chooni, maziwa yakajaa, mtoto akanenepa, na kijiko kikarudi jikoni. Na kila aliyepita pale alielezwa na haboba kwamba hilo lilikuwa wazo lake.

Shikeni hapo, vijana. Ukishindana na haboba unaweza ukamshinda kwa maneno, lakini jioni wewe unarudi kwako na yeye anabaki na mtoto.

Sasa kulikuwa na shida ya kuwapata wasichana wenyewe. Msichana wa shule akipata mimba anafichwa. Baba amenuna, mama analaumiwa, na yeye anatumwa maji saa ambazo majirani hawamwoni. Ukimwita kwenye mkutano wa afya wanamuuliza kama anataka kujionyesha. Lakini hakuna familia ya Juba itakayomkataza binti kushona milaya. Mnayajua haya mashuka yetu ya maua, yaliyotariziwa kwa mkono, ambayo hayatoki sandukuni mpaka mgeni aje. Basi nikaanzisha kikundi cha milaya kule mtaa wa Lemon Gaba, kwenye baraza la kanisa. Wazazi wakafurahi, kwamba angalau ameshika sindano.

Mimi siwezi kushona hata kifungo. Ua langu la kwanza lilitoka na miguu. Wasichana walikuwa wakilipitisha mkono kwa mkono wakilitafutia kichwa, na mimi niliwaacha wacheke, kwa sababu msichana aliyeingia pale ameinamisha shingo, akishanicheka mara moja, kesho yake anauliza maswali. Niliona pia kwamba somo lazima liishe kabla ya uzi wa sindano kuisha. Uzi ukiisha, macho yanakwenda kutafuta mwingine na masikio yanafuata. Kwa hiyo nilisema jambo moja kwa uzi mmoja. Damu ikitoka, usingoje. Kichwa kikiuma na macho yakiona ukungu, usingoje. Uchungu ukianza leo na kesho mtoto hajatoka, usingoje.

Hapo kwenye uchungu ndipo nilipokuwa nakwama. Kwa sababu ninyi mnajua tunachofanya sisi uchungu ukichelewa.

Tunauliza jina. Uchungu ukirefuka, mashangazi wanakaa kuzunguka mkeka wanamwambia mwenye mimba ataje wanaume wote aliokwenda nao. Wanaamini kuna jina amelificha, na hilo jina ndilo linalomzuia mtoto. Akitaja mmoja, wanasema bado yupo mwingine. Akiapa hakuna, wanasema basi endelea kuteseka, ni mdomo wako. Na hawafanyi hivyo kwa ukatili. Wanafanya huku wakilia, wakimfuta jasho, wakimbembeleza aseme tu ili apone. Wakati huo huo msichana ana nyonga nyembamba ya mtoto wa shule, na anachohitaji ni daktari.

Nilijaribu kuwapinga kwa sayansi. Nilileta picha kubwa ya nyonga, nikawaonyesha mashangazi kichwa cha mtoto na njia anayopitia. Walisikiliza kwa adabu, wakaisifu picha. Mmoja akainuka akagusa kwa kidole pale penye njia nyembamba akasema, "Ndio. Jina inakaa hapa." Wenzake wakamshukuru kwa kufafanua. Nilikunja picha yangu nikaenda zangu.

Katika kikundi cha milaya kulikuwa na msichana akiitwa Keji. Alikuwa na miaka kumi na saba, aliwahi kuishi Uganda kambini, na alishona vizuri kuliko wote, kwa hasira, akivuta uzi kana kwamba umemkosea. Mimba yake ilikuwa ya Taban, kijana wa boda boda pale soko la Custom, na hilo lilijulikana mtaa mzima. Taban mwenyewe alikuja kujitambulisha akafukuzwa na mbwa. Keji alilelewa na bibi yake, Haboba Jokudu, kwa sababu mama yake alifia kwenye uchungu wa mtoto wa pili. Na watu wa Lemon Gaba hawakusema tu kwamba alifariki. Walisema alifariki na jina mdomoni. Keji alikua akilisikia hilo kisimani, shuleni, hata kanisani, kwamba mama yake alikuwa mwongo mpaka mwisho.

Siku niliyofundisha juu ya uchungu, yeye aliacha kushona.

"Sista, na kama jina iko moja tu?" akauliza. "Kama nimesema, na bado wananiuliza?"

Mwenzake mmoja akapendekeza kubuni majina, kwamba ataje hata mwenye duka la simu. Nikamkatalia papo hapo, maana jina likitoka pale kuna mtu atapigwa kabla jua halijazama. Nikawaza mpaka uzi wangu ukaisha. Hao mashangazi hawasikii habari za nyonga, nikajiambia, lakini jina wanalitaka kuliko chakula. Watalifuata popote lilipo.

"Usiwape jina," nikawaambia. "Wape mahali. Sema hivi: jina nitalisemea hospitali."

Vijana, nimefundisha masomo mengi lakini hakuna lililopokewa kwa vigelegele kama hilo. Tulifanya mazoezi. Mimi nilikuwa shangazi, nimejifunga shuka kichwani, nawabana: "Sema, ya bit, sema!" Ya bit ni ewe msichana. Nao wanalala chini mmoja mmoja wananguruma, "Jina nitalisemea hospitali!" Mchungaji alichungulia, akauliza kama tumo kwenye maombi. Tukamwambia ndiyo.

Keji peke yake alikataa kulala. "Mimi siwezi kusema hivyo," akaniambia tulipobaki wawili. "Nikisema jina iko hospitali, watasema basi kuna jina ingine. Watasema Keji ni kama mama yake. Mimi niko na mutu moja, sista. Heri nikufe nikisema kweli."

Nilimwambia asiseme upuuzi. Nilimwambia ukweli haumsaidii maiti. Nilitoa maneno yote niliyokuwa nayo, na alinisikiliza, akanishukuru, akaendelea kushona. Sikulala vizuri siku zilizofuata, kwa sababu nilijua nyonga yake na nilijua kichwa chake, na vyote viwili vilikuwa vigumu.

Simu ilipigwa asubuhi na mmoja wa wasichana wa milaya. Keji alikuwa na uchungu tangu jana yake na chupa ya maji ilikuwa imeshapasuka. Nilipofika Lemon Gaba nilimkuta kwenye mkeka ndani ya tukul, ile nyumba ya udongo, midomo imekauka. Haboba Jokudu alikuwa amempakata kichwa. Shangazi Asunta, dada wa baba, ndiye aliyekuwa akiendesha maswali, na mlango ulikuwa umejaa majirani.

"Taban," Keji alikuwa akisema. "Ni Taban. Ni Taban sakit." Yaani Taban tu, basi.

"Taban tumesikia," akasema Asunta. "Sasa taja ule mwingine."

Nikasema tumpeleke hospitali. Asunta akanijibu bila kugeuka, "Sista, hapana sumbua sisi. Mutoto iko karibu. Jina tu ndio nakataa." Nikamtazama Haboba Jokudu, ambaye angeweza kusema neno moja tukaondoka. Aliinamisha macho akaendelea kumfuta mjukuu wake jasho. Nikapima mapigo ya Keji, nikamgusa tumbo, nikajua tukikaa pale mpaka mchana tutawapoteza wote wawili. Niliogopa, na siku hiyo sikuwa na utani wowote.

Kusema naye pembeni sikuruhusiwa. Nikajitia natafuta kitambaa, nikachukua milaya yake iliyokuwa imekunjwa kichwani pa mkeka, nikaikunjua mbele ya macho yake. "Nani atamaliza hili ua?" nikauliza kwa sauti ya kuudhi. "Asunta, utamaliza wewe? Mimi naweza nikajaribu."

Keji akanitazama, akaitazama milaya, na nadhani alilifikiria ua lenye miguu. Uchungu ukaja ukamkunja. Ulipomwachia, akafumba macho, na nikaona mashavu yake yamelowa.

"Kalas," akasema. Basi, imetosha. "Iko jina ingine."

Asunta akasogeza sikio.

"Hapana sema hapa. Nitasemea hospitali." Na kisha huyu mtoto, aliyekuwa hana nguvu ya kumeza mate, akafungua jicho moja akaongeza jambo ambalo mimi sikulifundisha. "Ni mutu mukubwa. Mukubwa sana. Mukisikia mutashika kichwa."

Nimefanya kazi na magari ya wagonjwa, nimefanya kazi na watu wa redio na wa misaada, lakini sijaona mgonjwa akiondolewa nyumbani kwa kasi kama ile. Asunta alipiga kelele, "Yala! Raksha! Raksha iko wapi?" Majirani waliokuwa wameziba mlango wakawa ndio wanaoufungua. Mmoja akashika miguu, mmoja akashika mkeka, na raksha, ile bajaji ya magurudumu matatu, ikasimamishwa katikati ya barabara na wanawake waliosimama mbele yake mikono juu. Abiria aliyekuwa ndani akashushwa pamoja na kifurushi chake cha samaki.

Tuliingia mimi, Haboba na Asunta nyuma, Keji amelala juu ya mapaja yetu. Mashimo ya barabara ile mnayajua. Dereva, kijana mwenye kofia ya sufu katika jua lile, alianza kwa kulalamika juu ya damu kwenye viti. Halafu akamsikia Asunta akinong'ona, "Nadhani ni waziri," na Haboba akimjibu anyamaze. Dereva akageuza kioo chake kidogo kituelekee sisi. Akapiga honi, akapanda kando ya barabara, akapita mbele ya lori la maji. Tulipofika langoni askari akamwambia shusha ondoka. "Mimi hapana ondoka," akasema dereva. "Mimi pia nangoja jina."

Daktari alimwangalia Keji kwa muda mfupi sana, kisha machela ikaenda mbio. Alipasuliwa. Mlango ulipofungwa, Asunta akataka kujua kama angalau ameacha ujumbe. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu ya korido, nikaomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua, pamoja na ile ninayoijua vibaya. Haboba Jokudu alisimama ukutani, hakukaa, hakuomba kwa sauti, hakunywa maji aliyopewa.

Alipotoka muuguzi na kusema mama yuko hai na mtoto ni wa kike na analia, nilicheka kama mwendawazimu. Haboba alishuka ukutani polepole mpaka akakaa, akajifunika uso na kitambaa chake.

Wakati wa kutembelea wagonjwa kesho yake, ile wodi ilijaa. Asunta alikuja amevaa nguo ya kanisani. Majirani walileta uji, na kila mmoja alitafuta pa kusimama karibu na kichwa cha kitanda. Dereva wa raksha alikuwa mlangoni ameshika chungwa moja, kama kisingizio. Keji alikuwa amelala na mtoto kifuani, mdogo wa kuzidi, uso bado umeminyika.

"Haya," akasema Asunta. "Hospitali ni hii. Mutu mukubwa ni nani?"

"Taban," akasema Keji.

"Taban yupi?"

"Huyo huyo."

"Na mutu mukubwa?"

"Hapana mutu mukubwa. Nilisema hivyo ndio mukimbie." Akavuta pumzi, kwa sababu mshono ulimuuma. "Na mulikimbia."

Dereva aliangusha chungwa. Mimi nilitazama dari, nikijifanya mtu aliyepita tu hapo kutafuta wodi nyingine. Asunta alivimba, akatafuta neno, akalipata lile ambalo Keji aliliogopa kuliko kifo. "Mwongo," akasema. "Kama mama yake. Yeye pia alificha jina mpaka akaenda nayo."

Keji alimgeuzia uso mtoto. Nikafungua mdomo nimjibu Asunta vibaya, lakini sauti nyingine ikanitangulia.

"Poni hapana ficha," akasema Haboba Jokudu.

Poni ndilo lilikuwa jina la mama yake Keji. Haboba alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chuma chake kwa mikono miwili.

"Mutoto wangu alisema jina asubuhi, uchungu ikiwa bado kidogo. Jina ya bwana yake. Akasema tena. Akasema mpaka sauti ikaisha, akawa anasema na midomo tu. Ilikuwa jina moja, na ilikuwa kweli." Akamtazama Asunta, akatutazama sote. "Mimi ndio nilimwambia, taja mwingine. Ni mimi. Alikufa ananiangalia."

Asunta akakaa kwenye kitanda cha jirani bila kuomba ruhusa. Keji alikuwa akilia bila sauti, na akanyoosha mkono, na bibi yake akaja akaushika, wakakaa hivyo huku uji ukipoa. Mimi pia nililia, na siwaombi radhi. Dereva aliokota chungwa lake akaliweka juu ya meza taratibu, akaondoka akinyata.

Nilikuwa na hakika ujanja wetu umekufa siku ile. Mashangazi wa Lemon Gaba wote walijua sasa kwamba hospitali hakuna jina lolote. Nikaanza kuumiza kichwa nitafute mwingine, na nikawaambia wasichana wa milaya wasiutegemee tena. Niliwaambia waanze kwenda kliniki mapema, wakutane na mkunga kabla uchungu haujawakuta, wapange raksha na mtu wa kuwasindikiza. Hilo ndilo nawaambia hata ninyi, kwa sababu ujanja ni wa siku ya shida tu. Keji alirudi kikundini na binti yake mgongoni, akaanza kuwafundisha wengine kushona, kisha akarudi shule huku Haboba akibaki na mtoto. Taban naye aliruhusiwa kupita mbwa.

Halafu siku moja mchana nikaitwa tena, upande ule ule, kwa msichana mwingine ambaye hakuwahi kufika kwenye kikundi chetu. Baba yake hakumruhusu hata kushona. Nikafika nimechelewa, nahema, nikakuta mlango umejaa wanawake na ndani mashangazi wameuzunguka mkeka. Msichana alikuwa amechoka hata hawezi kulia. Na pale kichwani pake, mahali pa yule anayeuliza, alikuwa amekaa Haboba Jokudu.

"Amesema?" shangazi mmoja akauliza.

Haboba akainua mkono wanyamaze. Akainama, akaweka sikio lake kwenye mdomo wa msichana, akalikaza pale, akitikisa kichwa kidogo kidogo kama mtu anayesikia mambo mazito. Mimi nilikuwa nimepiga magoti upande wa pili, karibu kabisa. Midomo ya yule msichana haikucheza hata kidogo.

Haboba akainuka, uso umekauka.

"Amekubali kusema," akawaambia. "Lakini hapa hapana. Atasemea hospitali." Akasita, akatazama mlangoni mpaka wote wakasogea. "Na ni mutu mukubwa sana. Leteni raksha."